Kisiki cha Mpakani

Dishon alipopelekwa kufanya kazi juu kule, karibu na Isebania, mvua ya Uhuru ilikuwa bado haijaamua kwisha. Ilianza mwaka wa sitini na moja kama mvua nyingine yoyote ya mwisho wa mwaka, kisha ikasahau njia ya kurudi kwao. Barabara ya kutoka Migori ilikatika, ikatengenezwa, ikakatika tena. Malori ya kwenda Sirare yalilala topeni kama nyati. Na Dishon, mtoto wa Mbita, mahali ambapo watu huiombea mvua kanisani, akajifunza kutembea na viatu mkononi.

Watu walimwita Bwana Shamba. Yeye Mluo, wao Wakuria, kwa hiyo walizungumza Kiswahili cha kukutana njiani. Yeye hakukijua sana, wao hawakukijua sana, basi hakuna aliyemcheka mwenzake. Alikuwa na cheti cha kilimo, baiskeli, na koti la mvua lililovuja mabegani. Aliipenda kazi yake. Alipenda hasa kuulizwa jambo na kulijibu papo hapo, watu wakiwa wamesimama wanamtazama mdomo.

Katika mashamba aliyoyatembelea, mojawapo lilikuwa la ndugu wawili, Nchagwa na Nyamhanga, baba mmoja mama mmoja. Baba yao aliwaachia mteremko mzuri, kuanzia mgongo wa kilima wenye mawe hadi kwenye kijito. Walikuwa wameugawa kwa urefu, kila mtu akapata juu, kati na chini, asije mmoja akasema amepewa mawe na mwingine akapewa matope. Katikati ya mteremko, mpakani kabisa, palikuwa na mvule mkubwa. Waliukata pamoja kabla ya mvua ile kubwa kuanza, wakagawana mbao, wakatengeneza milango. Kisiki wakakiacha. Kila mmoja alisema nusu yake haina shida, na nusu inayosumbua ni ya mwenzake. Wakapanda kahawa kukizunguka, huku na huku.

Mwaka wa sitini na tatu kahawa ya Nchagwa ikaanza kufa.

"Njoo uone mwenyewe," Nchagwa alimwambia Dishon. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyependa kurudia neno. "Leo mbuni ni kijani. Mwezi ujao majani yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Kisha unakauka, na matunda bado yananing'inia."

Dishon akatembea shambani kutoka juu hadi chini, Nchagwa nyuma yake, na Susana, mke wa Nchagwa, nyuma ya wote wawili. Juu kwenye mawe, mibuni ilikuwa mizima. Katikati, chini kidogo ya kile kisiki, ilikuwa imekauka eneo zima, kama mahali watu walipoota moto. Huko chini karibu na kijito ilikuwa hai, lakini ya manjano, imesimama ndani ya maji yaliyofika kwenye vifundo vya miguu.

Dishon aliyaona yale maji, na hakutafuta kitu kingine.

"Ni maji," akasema. "Mizizi inazama. Maji yameanza kuua hapo katikati, na huko chini yatafuata. Chimba mtaro mpakani, ushuke mpaka kwenye kijito, shamba lipumue."

Nchagwa akachimba. Kazi ilikuwa ngumu, na Nyamhanga alitazama kutoka upande wake bila kutoa mkono, kwa sababu hakuombwa. Maji yakashuka. Haukupita muda mrefu mibuni ya chini ikaacha manjano, ikatoa majani mapya yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Dishon alipopita tena, Susana alimkaribisha kwa ugali wa wimbi na uyoga. Ulikuwa uyoga wa rangi ya asali, uliokua kwa mashada kwenye kile kisiki kila mvua ilipokaza. Susana aliuchemsha kwanza, akamwaga maji yale, ndipo akaukaanga kwa samli.

"Mimi huchuma upande wetu, na Mellen huchuma upande wao," Susana alisema. Mellen alikuwa mke wa Nyamhanga. "Siku hizi ndipo mahali pekee tunapokutana."

"Hamtembeleani?"

Susana akatazama mlangoni kwanza. "Wenye nyumba hawasemezani vizuri. Sisi tunafuata."

Dishon alikula akashiba, akausifu uyoga, akaondoka na kuku aliyefungwa miguu kwenye baiskeli. Njia nzima alikuwa na furaha.

Mwaka uliofuata mibuni ya chini, ile ile iliyokuwa iking'aa, ikaanza kufa.

Ilikufa vilevile. Majani yalilegea, matunda yakaning'inia, na shina likapasuka karibu na ardhi. Na sasa hapakuwa na maji ya kulaumu. Nchagwa alitazama mtaro wake, akatazama ng'ambo, na kwa kuwa alikuwa mtu asiyependa kurudia neno, alilisema mara moja tu, mbele ya watu, siku ya soko: ndugu yake alikuwa akimwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe ndani ya mtaro.

Neno lile lilifika kwa Nyamhanga kabla ya jua kuzama. Hakuja kupigana. Alituma mtu kwa wazee wa ukoo kusema kwamba yuko tayari kula kiapo. Na kwa kuwa aliyeshutumu naye hawezi kubaki mikono mitupu, Nchagwa lazima ale pia. Wazee wakakubali, shingo upande.

Dishon aliyapata haya kutoka kwa Susana, aliyemkuta Isebania akiuza ndizi. Susana hakumsalimu kwa uchangamfu wa zamani.

"Bwana Shamba, unajua kiapo cha kwetu?"

"Nimesikia."

"Kiapo kikishaliwa hakitapikiki. Mmoja wao ni mwongo, au wote wawili wanafikiri ni wakweli. Vyovyote vile, mtoto wa yeyote akiumwa tumbo baada ya siku ile, watu watasema ni kiapo. Watoto wangu hawatakula tena nyumba moja na watoto wa Mellen. Hata wajukuu." Akapanga ndizi zake upya ingawa zilikuwa zimepangika. "Wewe ulisema ni maji. Maji tumeyatoa. Sasa ni nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Dishon kusimama mbele ya mtu wa shamba bila jibu, na alihisi kama amevuliwa shati sokoni.

"Sijui," akasema mwishowe. "Lakini mimi naenda nyumbani Mbita. Ziwa limefika kwa mama yangu, ni lazima nikamhamishe. Nikirudi nitachimba mwenyewe nione. Watasubiri?"

Susana alifikiri. "Wazee hawaketi bila pombe. Pombe ni ya wimbi, na wimbi ni langu." Akainua macho. "Mwaka huu wimbi langu linaweza kuchelewa kukauka."

*

Huko Mbita ziwa lilikuwa limepanda kuliko alivyowahi kuliona. Mahali alipocheza utotoni palikuwa na mitumbwi. Njia ya kwenda kisimani iliingia majini na haikutoka. Mama yake, Benta, alikuwa ameketi mbele ya nyumba, ukingo wa maji ukiwa hatua chache kutoka kwenye jiko lake, naye amekunja mikono kama mtu anayemsubiri mgeni mkaidi aondoke mwenyewe.

"Wuoda, mwanangu," alisema, "Nam, ziwa letu, limekuja bila kubisha hodi."

"Mama, kwa nini hukuhama mapema?"

"Lilifika siku ya Sabato. Ningebeba vyungu siku ya Sabato?"

"Na siku zilizofuata?"

"Zilizofuata nilikuwa nimeshazoea."

Dishon na majirani walianza kubomoa jiko walihamishie juu. Maji yalikuwa yameua milimau ya mama yake yote kwa mpigo, mstari mzima. Dishon akang'oa mmoja, na mzizi ukatoka mweusi, laini, unanuka kama yai viza. Gome liliteleza likabaki mkononi. Chini ya gome hapakuwa na kitu, ila weusi na uvundo.

Akakumbuka ile mibuni mikavu aliyoiona kule Isebania. Haikunuka. Hakuna hata mmoja uliokuwa na harufu hii. Na mibuni ile haikufa kwa mpigo kama watu waliozama kwenye mtumbwi mmoja. Ilikufa mmoja baada ya mwingine, wa jirani kwa wa jirani, kama ugonjwa unaopita kijijini.

Alisimama pale na mzizi mkononi hadi mama yake akamuuliza kama anataka kuula.

Kesho yake waling'oa nguzo ya zamani ambayo baba yake, alipokuwa hai, aliifungia mtumbwi. Ilikuwa ndefu, na sehemu kubwa ilikuwa imekaa ndani ya maji tangu Dishon akiwa mdogo. Walipoivuta ilikatika. Haikukatikia chini kwenye tope, wala juu kwenye jua. Ilikatikia pale maji yanapogusana na hewa. Dishon alikigonga kipande cha chini kwa panga, panga likaruka. Kilikuwa kigumu kama jiwe. Cha juu nacho kilikuwa kigumu, kimekauka vizuri. Pale katikati tu palikuwa sponji, na ndani ya sponji mlikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba.

Juu pakavu, pazima. Chini penye maji tele, pazima. Katikati, penye unyevu na hewa, pameliwa.

Aliketi juu ya jiwe. Aliuona mteremko wa Nchagwa kama uliochorwa mbele yake: mawe juu, kidimbwi chini, na kifo katikati. Kisha akaona mtaro. Yeye ndiye aliyetoa maji pale chini. Kitu kile kilichokuwa kimenyimwa hewa na yale maji, yeye ndiye aliyekifungulia mlango kikaingia.

"Unaumwa?" Benta akamuuliza.

"Hapana, Mama. Nimewapa watu ushauri mbaya."

"Basi nenda ukawape mzuri. Jiko nitamalizia na jirani zetu, akina Nashon. Lakini kwanza ule, samaki anapoa."

*

Alirudi na mzizi wa mlimau umefungwa kwenye gunia. Alipitia Homa Bay, akalala Migori, akafika na gunia lake linalonuka, watu njiani wakimpisha. Hakwenda ofisini. Alikwenda moja kwa moja shambani, akamwomba Nchagwa sululu, kisha akavuka mtaro kumwita Nyamhanga.

Nyamhanga alikuwa mfupi na mpana, na alikuwa akikata kuni. Hakuweka shoka chini.

"Umetumwa na yeye?"

"Sijatumwa na mtu. Nataka kuchimba kwenye kisiki. Nusu ni yako, kwa hiyo naomba ruhusa."

"Nusu yangu haina shida."

"Kama haina, utaniona nimejichosha bure."

Nyamhanga alifikiri juu ya hilo, akaona ni jambo linalostahili kutazamwa. Akaja. Wake zao wakaja pia, Susana kutoka huku na Mellen kutoka kule, na ndugu wawili wakasimama kila mmoja upande wake wa mpaka, kama watu wanaomsindikiza maiti wasiyempenda.

Dishon alichimba. Mzizi mmoja wa mvule, mnene kama paja, ulitoka kwenye kisiki ukaelekea chini kwa Nchagwa. Akaufuata hadi pale ulipopita chini ya mbuni mkavu, mizizi ya miti yote miwili imekumbatiana. Akachukua panga, akalibandua gome la mbuni ule karibu na ardhi.

Chini ya gome palikuwa na utando mweupe, laini, uliolala juu ya mti kama ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya ganda la yai. Akaubandua kwa kidole. Akanusa, akampa Nchagwa.

"Inanukaje?"

Nchagwa alinusa, akakunja uso. Akanusa tena. Ni Susana aliyesema.

"Uyoga."

"Ndiyo, uyoga. Sasa nusa na huu." Akafungua gunia, na wote wakarudi nyuma hatua moja. "Huu ni mti uliouawa na maji, kule kwetu. Mweusi, unanuka, na hauna utando. Wenu haukuuawa na maji. Na mti uliomwagiwa dawa usingekuwa na kitu hiki kinachotambaa kutoka kisikini mzizi kwa mzizi. Hiki ni kuvu. Inakaa kwenye kisiki, inakula kisiki, kisha inaingia kwenye kila mzizi unaokigusa. Ule uyoga mnaochuma ni matunda yake tu. Mwili wenyewe uko chini."

Mellen akaweka mkono mdomoni. "Na tumekula?"

"Uyoga haukuwadhuru. Ni mibuni ndiyo inayodhurika."

"Mbona huko juu haijafa?" Nchagwa aliuliza. Lilikuwa swali la mtu anayetaka kukamata uongo, na Dishon alilifurahia.

"Huko juu ni pakavu. Kuvu ni kama sisi, inataka maji inywe. Pakikauka sana, haiendi mbali."

"Na chini? Chini palikuwa na maji mengi, na hapakufa mpaka tulipoyatoa."

Dishon akaweka sululu chini. Hili ndilo alilokuwa amelibeba kutoka Mbita, na lilikuwa zito kuliko gunia.

"Inataka maji, lakini inataka na kupumua. Huko chini ilikuwa imeshaingia mizizini, ila maji yaliiziba pumzi, ikalala. Mimi nikasema mchimbe mtaro. Maji yakaondoka, unyevu ukabaki, hewa ikaingia. Pakawa pazuri kwa kahawa, na pazuri zaidi kwa kuvu. Mtaro ule nilikosea. Nyamhanga hakumwaga kitu. Kama kuna aliyeisaidia kahawa yako kufa, ni mimi."

Nchagwa alimtazama kwa muda, misuli ya shavu ikicheza, na Dishon akaona kwamba mtu huyu ana haki ya kumpiga na pengine angempiga. Lakini macho ya Nchagwa yaliondoka kwake, yakaenda ng'ambo ya kisiki.

"Yako haifi," alimwambia ndugu yake. Tangu siku ya soko alikuwa hajamsemesha. "Kama ni kisiki, kwa nini kinakula yangu tu?"

Nyamhanga akatazama shoka lake. Ni mke wake aliyejibu.

"Inakufa," alisema Mellen. "Inakufa tangu mwaka juzi."

"Nyamaza," Nyamhanga akasema, lakini bila nguvu.

"Sinyamazi. Kila mbuni ukikauka, huyu huung'oa alfajiri, akauchoma, akapanda mahindi mahali pake usionekane. Alisema ni wewe unayemloga. Alisema afadhali afe njaa kuliko kukupa raha ya kujua umefaulu."

Nchagwa alitazama upande wa ndugu yake, akaona kwa mara ya kwanza yale mahindi yaliyosimama katikati ya kahawa kama meno ya bandia. Aliyatazama sana.

"Ulikuwa unakwenda kula kiapo," alisema polepole, "ukidhani mimi ndiye nitakayekufa?"

"Na wewe hukudhani hivyo juu yangu?"

Kitu kilitikisika kifuani mwa Nchagwa, na Dishon alifikiri ni kilio, kumbe ni kicheko, kile kibaya kinachomtoka mtu bila ruhusa. Nyamhanga naye akakipata, kama watu wanavyopata kikohozi. Walicheka wakiwa wametazama chini, kila mmoja upande wake, na hapakuwa na furaha nyingi ndani yake, ila aibu iliyokosa mahali pa kwenda.

"Vuka huku," Nchagwa akasema mwishowe. "Mti huu tuliukata wawili. Bwana Shamba hawezi kuung'oa peke yake."

*

Kazi ya kukitoa kisiki iliwala karibu kiangazi chote. Kukitoa tu hakukutosha. Ilibidi kuifuata mizizi yake yote, hata ile iliyopita chini ya mibuni iliyoonekana mizima, na kuing'oa mibuni hiyo pia. Nchagwa alinung'unika, Nyamhanga akasita kwa kila mmoja, na Dishon, aliyekuja kila alipopata nafasi, akashika sululu hadi viganja vikatoka malengelenge. Waliianika mizizi juani mpaka ikakauka, kisha wakaichoma. Safari hii Dishon hakuwaahidi kitu. Alisema tu kwamba pale wasipande mti wala muhogo kwa miaka kadhaa, wapande wimbi na mahindi, mabaki yaliyosalia chini yafe njaa.

Wazee waliarifiwa kwamba kiapo hakipo. Walikuja hata hivyo, kwa kuwa wimbi la Susana hatimaye lilikuwa limekauka na pombe ilikuwa tayari. Waliwakemea ndugu wale kwa kuwapotezea wakati, wakanywa, wakasahau.

Nusu ya kahawa ilikuwa imepotea, na haikurudi. Wala ndugu wale hawakuwa kama waliozaliwa leo. Kuna siku walipitana bila salamu, na Nchagwa hakuwahi kutamka kwa mdomo wake kwamba alikosea, maana kwake hilo lilikuwa neno la kurudia. Lakini ng'ombe wa Nyamhanga alipokwama kijitoni, ni Nchagwa aliyeingia majini kwanza. Na watoto walikula popote njaa ilipowakuta.

Dishon alijifunza kusema "sijui, ngoja nichimbe." Wakulima wengine hawakulipenda neno hilo, wakasema bwana shamba aliyepita alikuwa anajua zaidi. Alistahimili.

Mwishoni mwa mwaka wa sitini na sita, Nyamhanga alitaka mbao za kuezekea nyumba mpya. Kulikuwa na mti mkubwa juu karibu na mawe, na safari hii yeye na Nchagwa walimwita Dishon kabla ya kuinua shoka. Dishon aliwaambia wasiukate kwanza. Walivue gome lake pande zote, mkanda mzima kuuzunguka, wauache ufe umesimama, mpaka mizizi imalize akiba yake yote ya chakula, kuvu isikute karamu.

Basi wakaubandua gome, Nchagwa upande mmoja, Nyamhanga upande mwingine, panga zikikutana nyuma. Watu waliokuwa wakipita kwenda Isebania walisimama kutazama.

"Nyie," mmoja akauliza, "mnauchuna mti kama mbuzi?"

"Ndiyo," Nyamhanga akajibu.

"Nyama yake mtakula lini?"

"Mwaka kesho kutwa," alisema Nchagwa, akaendelea kuchuna.